Ufa wa Rumi Darwaza na tao la nyumba ya babu

"Assalaam alaykum mtaalamu. Mwaka huu nilimsindikiza mdogo wangu aliyepata nafasi ya kusoma Lucknow, India. Tukaenda kulitazama lango kubwa la Rumi Darwaza, lililopewa jina la mshairi Rumi. Mwenyeji wetu akatueleza kwamba zamani magari yote yalipita chini yake, mpaka zikaonekana nyufa, njia ikafungwa ili litengenezwe. Nikamuuliza kama walitia saruji. Akacheka, akasema saruji pale haiguswi, kazi ni ya chokaa, tena ile ya kale iliyokuwa ikichanganywa na choroko na sukari guru. Sikuelewa. Nchi iliyopeleka chombo mwezini inatibu lango kwa choroko? Naliogopea lisije likaanguka. Nauliza pia kwa sababu nyumba ya marehemu babu yetu hapa Mji Mkongwe, Unguja, ina mlango wenye tao, na juu yake pana ufa unaoingia kidole. Fundi anasema apige lipu nzito ya saruji, aweke na nondo, yaishe. Nimfuate?"

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani una maswali mawili, la India na la Unguja. Mara ya pili nikaona ni moja. Unataka kujua ufa katika tao la kale unasema nini, na ni kitu gani kinafaa kutiwa ndani yake. Kabla ya yote, mwambie fundi asubiri. Lipu ya saruji ikishafunika ufa huo hutauona tena unavyokwenda, na siku ukitaka kuibandua itatoka na uso wa mawe ya chini. Kusubiri lipu hakudhuru. Kusubiri mtu wa kuja kuutazama ufa wenyewe ni jambo jingine, na hilo nitalirudia.

Twende Lucknow kwanza, maana lile lango litakufundisha nyumba yako.

Jina lake halitokani na mshairi Jalaluddin Rumi. Rum ni jina ambalo Waarabu na Waajemi waliiitia dola ya Warumi wa mashariki, baadaye likabaki kuwa jina la nchi ya Waturuki. Ni Rum ile ile ya sura ya 30 ya Qurani. Mshairi mwenyewe aliitwa Rumi kwa kuwa alihamia huko, akaishi Konya. Basi Rumi Darwaza ni Lango la Rum, na ndiyo sababu wengine huliita Lango la Kituruki. Watu wa Lucknow husimulia kuwa liliigiza lango la kasri la masultani wa Istanbul. Ukiziweka picha zake pamoja, hutaona undugu wa karibu: la Istanbul ni zito na la mraba, na hili limefunguka kama ua, petali zake zikizunguka ukingo wa tao, na juu kabisa pana kibanda kidogo cha pembe nane. Nionavyo mimi, kilichosafiri kutoka Istanbul ni sifa ya jina.

Lilijengwa mwaka 1784 chini ya Nawab Asaf-ud-Daula, mtawala wa Awadh, dola ya kaskazini mwa India, aliyeuhamishia mji mkuu wake Lucknow kutoka Faizabad mwaka 1775. Lina urefu wa karibu mita 18. Mwaka huo wa 1784 nchi ilikuwa katika njaa kubwa iliyoitwa Chalisa, yaani ya arubaini, kwa kuwa ilianguka katika mwaka wa 1840 wa kalenda ya Kihindi ya Vikram. Nawab akaanzisha ujenzi wa Bara Imambara, jumba kubwa la maombolezo ya Imam Hussein, pamoja na lango hili jirani yake, ili watu wapate kibarua wale. Mpaka leo mjini husemwa kwamba asiyepewa na Mola atapewa na Asaf-ud-Daula. Ipo na hadithi kwamba vibarua walijenga mchana, na usiku waungwana waliofilisika wakaja kubomoa gizani wasijulikane, ili nao wapate ujira bila fedheha. Ichukue kama hadithi. Lakini kazi ya kulisha watu wakati wa njaa ni ya kweli, nayo ina uzito katika ufundi, kwa sababu Lucknow imekaa kwenye tambarare ya udongo wa mito, haina machimbo ya mawe karibu. Wafalme wa Delhi na Agra walikuwa na mawe mekundu ya mchanga. Nawab alikuwa na udongo, kuni za kuchomea, chokaa, na mikono mingi yenye njaa.

Kwa hiyo lango lile ulilolitazama kwa mbali ukadhani ni jiwe, ni matofali. Tena matofali madogo, bapa, yaitwayo lakhauri, unene wake kama sentimita 2 tu. Hebu fikiria idadi ya viungo. Tofali likiwa jembamba hivyo, mota iliyo kati ya tofali na tofali inakuwa sehemu kubwa ya mwili wa ukuta. Kwetu siku hizi tumezoea kuiona mota kama gundi ya kushikiza tofali. Katika Rumi Darwaza chokaa ni nyama ya jengo, na hata yale mapambo ya maua uliyoyapiga picha ni chokaa iliyofinyangwa kwa mkono.

Chokaa wewe mtu wa Unguja huhitaji kufundishwa sana. Wazee wetu walipanga matumbawe juu ya magogo, wakachoma tanuu, wakapata unga mweupe, wakauzima kwa maji. Kinachotokea ni kwamba moto unafukuza hewa ya ukaa iliyo ndani ya jiwe. Kisha mota ikiwa ukutani inaivuta hewa ile ile polepole, miezi na miaka, hadi inarudi kuwa jiwe. Waashi wa Lucknow waliongeza surkhi, yaani unga wa matofali yaliyochomwa, ambao hushikana na chokaa na kuifanya igande hata mahali penye unyevu. Ile sukari guru na ute wa choroko vilivyomshangaza mtu kama wewe havikuwa uganga. Sukari huchelewesha mota kukauka ili mwashi apate muda wa kuikanda, na ute huishikamanisha isipasuke inapokauka. Waliyajua hayo kwa mikono kabla maabara hazijayaandika. Na kuhusu saruji, nikukumbushe tu kwamba ile tunayoiita Portland ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824, miaka 40 baada ya lango kusimama. Lango halikuwahi kuihitaji.

Sasa tao lenyewe. Chukua mkufu, ushike ncha zake mbili, uuache uning'inie. Umbo linaloshuka pale ni njia ambayo uzito wake wenyewe umeichagua. Mwingereza Robert Hooke alitangaza mwaka 1675 kwamba umbo hilo likipinduliwa juu chini ndilo tao linalosimama. Mkufu unavutwa, tao linasukumwa. Kila tofali linamsukuma mwenzake, na msukumo unateremka hadi kwenye miguu ya tao, pale haushuki wima tu, unatafuta pia kuikanyaga miguu iende nje, huku na huku. Ndiyo maana malango makubwa yana mabega mapana. Mabega yakisogea nje hata kidogo, kilele kinashuka, na ufa unafunguka katikati upande wa chini. Mabegani unafunguka upande wa juu. Mtu akiniambia mahali ufa ulipo na upande unaofunguka, nusu ya ugonjwa ameshaniambia.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani tao likipasuka limeanza kufa. Tao la chokaa hupasuka ili lipate kukaa upya. Mota yake ni laini kiasi cha kumruhusu kila tofali kujiweka sawa, na nyufa nyembamba huzibika zenyewe kadiri maji ya mvua yanavyoyeyusha chokaa kidogo na kuigandisha tena ndani ya ufa. Tao lenye nyufa katika sehemu tatu laweza kusimama miaka mia. Ufa wa nne, ukitokea mahali pabaya, ndio unaoligeuza kuwa bawaba zinazokunjika. Kwa hiyo swali la maana daima ni kama ufa umelala au unatembea.

Rumi Darwaza limekaa miaka zaidi ya 240 katika hali ya hewa isiyo na huruma: kiangazi cha zaidi ya nyuzi 40, baridi ya Januari ya nyuzi chache, na masika yao ya Juni hadi Septemba. Ukiniuliza adui wake wa kwanza nitasema maji. Yanaingia kwenye mwanya wa juu, yanaichukua chokaa chembe kwa chembe. Kisha ndege anaangusha mbegu ya pipal, mti wa jamii moja na mkuyu wetu, mzizi unaingia katika mwanya ule na kunenepa. Magari nayaweka nafasi ya tatu, ingawa ndiyo yanayosemwa zaidi. Mtikisiko wa gari moja haulivunji tao zima lenye afya. Lakini malori na mabasi kila siku, miaka mingi, juu ya mota iliyokwisha kulegezwa na maji, huteremsha vumbi lake taratibu, na dereva mmoja mwenye shehena ndefu akigonga bega la tao atafanya kwa sekunde kilichowashinda mvua kwa karne. Kwa hiyo kuifunga njia mwishoni mwa 2022 ili idara ya mambo ya kale ya India ifanye ukarabati lilikuwa jambo sahihi. Mimi kwa maoni yangu magari yasingerudi kamwe. Najua hilo lina gharama kwa wakazi, kwani ile ndiyo njia yao ya kwenda Husainabad, na mji hauwezi kuwa jumba la makumbusho tu. Ila barabara yaweza kuzungushwa, na tao haliwezi. Sheria yao ya mwaka 1958, ilivyorekebishwa mwaka 2010, inakataza ujenzi mpya ndani ya mita 100 za jengo la kale linalolindwa, na mita 200 zinazofuata ni kwa kibali. Ni sheria kali, na inastahili kuwa kali.

Je, litaanguka? Nyufa zimeonekana, magari yamezuiwa, wataalamu wamepanda jukwaa wakaligusa kwa mikono. Lango lililofika hapo liko salama kuliko lango ambalo kila mtu analisifu na hakuna anayelipandia. Hofu yako ningeihamishia Unguja.

Maana sasa nije kwenye saruji. Saruji si adui yangu. Ningejenga daraja leo ningeitumia bila kusita, na misingi mingi mizuri ni ya saruji. Tatizo ni ndoa yake na ukuta wa chokaa. Ukuta wa chokaa unapumua: unyevu unaoingia kutoka ardhini au kwenye paa hutoka tena kupitia uso wake. Ukiuvisha lipu ya saruji umeuziba pua. Unyevu unakwama nyuma ya lipu, unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, unabeba chumvi, na chumvi ikikauka inakua kama mchele ndani ya vinyweleo vya jiwe na kulisaga. Pale pwani penye upepo wa bahari, chumvi hiyo mnayo tele. Halafu saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na kuliko lakhauri. Jua likipiga, ukuta unataka kunyoosha viungo na kiraka kinakataa. Kinachopasuka ni jiwe la jirani, si kiraka. Nimeitwa zaidi ya mara moja kwenye nyumba ambazo kiraka kimesimama peke yake, kizima, na ukuta uliokizunguka umekuwa unga. Nondo nayo, ile ya kawaida ya duka la vifaa, ndani ya ukuta wenye unyevu na chumvi hushika kutu, kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na kuupasua ukuta kutoka ndani.

Kwa haki, nikuambie na ubaya wa chokaa. Ni ya polepole. Inataka kuloweshwa na kufunikwa magunia mabichi siku nyingi, la sivyo inakauka kabla ya kuganda na kubaki vumbi. Waashi wanaoijua wamepungua, na anayejua atakutoza. Chokaa ya mfuko iliyokaa wazi dukani imeshavuta hewa, imekufa; ukiitumia hiyo utakuja kunilaumu. Na chokaa haitengenezi mguu wa tao unaosogea. Ikiwa ukuta wa kando umeanza kwenda nje, huwezi kuuponya kwa kujaza ufa kwa kitu chochote duniani. Hapo ndipo wahandisi hutumia vyuma visivyoshika kutu kuufunga ukuta na mwenzake, au kuimarisha msingi, kisha ndipo ufa hujazwa uji wa chokaa kwa bomba jembamba, kidogo kidogo. Kubomoa tao na kulijenga upya ni njia ya mwisho, na mara nyingine ndiyo ya kweli.

Sasa mlango wa babu. Milango yenye tao ya Mji Mkongwe huhusishwa na mkono wa Kihindi, kwa hiyo usione nimekupeleka mbali bure. Tao la babu yako na lile la Nawab ni watu wa ukoo mmoja, mmoja wa lakhauri, mwingine wa matumbawe. Kabla hujamlipa mtu yeyote, panda juu utazame maji. Je, pana choo au bafu juu ya ukuta huo? Bomba la mvua limevunjika? Mashine ya kupozea hewa inadondosha maji ukutani? Mmea umeota kwenye mwanya? Katika nyumba nyingi nilizozitazama, maji yalipozuiwa, ufa ulilala.

Kisha uupime. Kwenye ufa weka kipande chembamba cha kioo, ukikishikize kila upande kwa plasta ya jasi, uandike tarehe kwa penseli pembeni. Kioo kikivunjika, ufa unatembea. Piga picha ukiwa umeweka rula, siku moja kila wiki, saa ile ile, kwa kuwa ukuta wa asubuhi na wa adhuhuri haulingani.

Lakini kuna neno moja katika barua yako ambalo limenikalia rohoni: ufa unaoingia kidole. Ufa wa unywele ningekuambia uutazame mwaka mzima. Wa kidole, juu ya mlango ambao watu wanaupita, sikuambii hivyo. Huo unataka mhandisi wa majengo aje kwa miguu yake, aguse, agonge, ashushe timazi kwenye kuta za kando. Mimi kutoka hapa, hata ukinitumia picha mia, siwezi kuuona ukuta ukiinama. Na kwa kuwa nyumba imo Mji Mkongwe, hutakiwi kuigusa bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Anza huko, na waombe wakuelekeze kwa waashi wenye uzoefu wa chokaa. Usikione kibali kama usumbufu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Majengo ya kale hayana mzaha hata yakiwa mikononi mwa wanaoyatengeneza.

Na hizi ndizo dalili nilizokuwekea. Unga mweupe mpya sakafuni kila asubuhi, hata baada ya kufagia. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama. Jiwe moja la tao likiwa limeteremka chini ya wenzake, hata kwa unene wa shilingi. Ukuta ukivimba tumbo. Sauti ya kukatika usiku. Ukiona mojawapo, usisubiri kioo wala picha: watoe watu siku hiyo hiyo, na apatikane mtu anayejua kuegemeza tao kwa mbao nene kutoka chini, mbao zikiwa zimekaa kwenye ubao mpana na si juu ya vigae. Fundi wako wa lipu anaweza kukusaidia kuzibeba hizo mbao, na hapo atakuwa amefanya kazi ya maana.

Kama hakuna dalili hata moja, bado mpelekee Mamlaka barua wiki hii, ukiambatisha picha yenye rula. Na mpaka mhandisi afike, nyumba nzima itumie mlango wa nyuma.